Ndege Anayegonga Dirisha Hajaja Kuomba Chakula

«Mwalimu, tunaishi Nguba, hapa Bukavu, karibu na ziwa. Tangu mvua zianze kuna ndege mdogo mweusi na mweupe, mkia wake hautulii, anakuja kila asubuhi kugonga kioo cha dirisha la chumba chetu. Mama mkwe anasema ndege anayebisha hodi dirishani analeta habari ya msiba, na amemwomba mume wangu amwue. Mimi ndege nawapenda. Nilidhani ana njaa, nikaanza kumwekea wali na mkate juu ya ukuta. Yeye hagusi, ila sasa wanakuja kunguru mchana na panya usiku. Kwenye maua ya migomba wanakuja kolibri, na jirani ameniambia niwatengenezee maji ya sukari. Jirani huyo huyo anasema ndege wa porini watawaletea kuku wangu kideri, ninao tisa. Je, niwafukuze ndege wote, au kuna namna ya kuishi nao?»

Mama, kabla ya mengine yote, mwombe mumeo asimwue ndege huyo. Hata akimwua leo, nafasi yake haitakaa wazi muda mrefu. Atakuja mwingine kuishika, na dirisha litagongwa vilevile, maana chanzo cha vurugu ni kioo. Katika maneno yako naona hofu tatu zimesukwa pamoja: ya msiba, ya njaa ya ndege, na ya ugonjwa wa kuku. Nitazifumua moja moja. Ile ya kwanza nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayowanyima usingizi hapo nyumbani.

Kwa maelezo yako, mgeni wenu ni yule ambaye wataalamu humwita Motacilla aguimp. Mtazame vizuri kesho: mgongo mweusi, tumbo jeupe, mstari mweupe juu ya jicho, na utepe mweusi umekatiza kifuani. Hutembea hatua kwa hatua, harukiruki kama shomoro, na kila akisimama mkia unapanda na kushuka. Bila shaka umeshamwona ufukoni, akiokota inzi mahali wanapoanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Asili yake ni ndege wa mito yenye mawe, lakini alikwisha kuhamia kwa watu. Kwake ukuta wa nyumba ni jabali na uwanja uliofagiliwa ni ukingo wa maji. Hukaa wawili wawili, dume na jike, na mara nyingi mwaka mzima wapo mahali pale pale. Eneo hilo wanalijua kona kwa kona, na ndege mwingine wa aina yao akitia mguu hapo, ni vita.

Sasa njoo kwenye kioo. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaokipiga. Uliobaki hupita ndani. Asilimia 8 ni kidogo, na ndiyo maana kwa kawaida hatujioni dirishani. Lakini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dirisha likiwa limeelekea mashariki, jua linampiga ndege huyo mwilini huku chumba kikiwa bado giza. Mwanga kidogo unaorudi kutoka kwenye kioo unakuwa na nguvu kuliko ule unaotoka ndani ya chumba, na mbele ya ndege anatokea ndege. Usiku mambo hugeuka: taa ikiwaka ndani, wewe uliye chumbani ndiye unayejiona kiooni, na aliye nje anakuona wewe. Ukitaka kuhakikisha, kesho asubuhi simama nje mahali anaposimama yeye, uiname hadi kimo cha kizingiti. Utajiona uso mzima.

Wewe unajua kwamba huyo ni wewe. Yeye hajui. Kujitambua kiooni ni kazi ngumu kwa wanyama walio wengi. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio walilofanya kwa ndege wa Ulaya wa ukoo wa kunguru, Pica pica: waliwabandika alama ya rangi kooni, mahali wasipoweza kupaona bila kioo, na baadhi yao walipojitazama wakajaribu kuikwangua. Ikawa habari kubwa duniani, kwa sababu hakuna aliyezoea kuliona hilo kwa ndege. Huyu wa kwenu anachokiona ni mgomvi wa rika lake, mwenye utepe kama wake, aliyesimama katikati ya eneo lake bila haya. Kwa kawaida mgomvi akitishwa hukimbia, na ugomvi huisha kwa dakika chache. Wa kiooni hakimbii. Ukimtishia naye anakutishia, ukimdonoa anakudonoa palepale ulipomdonoa, ukipumzika naye anapumzika. Kwa hiyo ndege wako anashindwa kila asubuhi, na kesho yake anarudi kujaribu tena. Msimu wa kuzaa ukifika hasira hizo hupanda, na kwetu mvua zinapoanza Septemba wadudu huwa wengi na ndege wengi hujenga. Ndiyo maana mmemwona sasa.

Kuna jambo jingine ambalo hukulitaja lakini nadhani lipo: vyuma vya kuzuia wezi. Nyumba nyingi za Bukavu zina vyuma hivyo mbele ya kioo, na ndege huyu huvipenda kwa sababu vinampa pa kusimama anapopigana. Angalia chuma cha chini. Utakuta kinyesi cheupe kimekauka, na kwenye kioo alama ndogo ndogo za mate na vumbi katika kimo kimoja tu, kimo cha mdomo wake.

Kuhusu mama mkwe. Usimwambie kwamba anaamini upuuzi. Hutafika mbali, na zaidi ya hapo ameona jambo la kweli. Ndege wa porini anakuja kwa makusudi, kwenye dirisha moja, saa ile ile, siku baada ya siku. Jambo kama hilo linadai maelezo, naye ametoa maelezo aliyorithi. Mweleze tu kwamba ng'ambo ya mto Rusizi, kule Rwanda, ukoo wa Abagesera unamhesabu ndege huyu huyu, wanayemwita inyamanza, kuwa alama ya ukoo wao, na wala hawamchukulii kama mjumbe wa kifo. Kisha mpe jaribio la kujionea mwenyewe. Chukueni kioo kidogo cha kujitazamia, mkiegemeze kwenye ukuta wa uani asubuhi, mkae kimya mbali kidogo. Kuna uwezekano mkubwa ndege atakiacha chumba chenu na kwenda kupigana na kile kioo chini. Waulize pia motari wanaoegesha pikipiki njiani: vioo vya pikipiki na vya gari hugongwa vivyo hivyo, na hakuna anayemwekea pikipiki matanga. Baada ya kuonyesha, kiondoeni kioo hicho, msimtese bure.

Dawa yenyewe ni rahisi, mradi uiweke upande wa nje. Watu wengi hufunga pazia ndani, wakashangaa ndege haachi. Pazia zito la rangi ya giza huzidisha tatizo, maana linafanya kile kinachofanywa na chumba chenye giza. Pazia jeupe lililokaribia kioo linasaidia kidogo. Kinachoponya ni kuvunja taswira kabla haijafika kwenye jicho la ndege. Njia ya haraka ni kipande cha sabuni ya kufulia: kiloweshe, ukipake kwenye kioo kwa nje hadi kifanye ukungu. Kasoro yake unaijua, mvua ya saa nane inakuja na kuisafisha yote. Kwa msimu huu mimi ningechukua chandarua kikuukuu, nikakifunga kwa kamba kwenye vile vyuma, kikazuia kioo chote na pia pa kusimama. (Kiwe kilichochanika kisichofaa tena; cha kulalia kibaki kitandani.) Mwanga utaingia, upepo utaingia, taswira itakufa. Kiache wiki tatu au nne. Ukikiondoa na ndege akarudi, kirudishe. Na akihamia dirisha la pili, ujue dawa imefanya kazi. Funika na hilo.

Je, anaumia? Mara chache. Mdomo unastahimili. Hasara yake ni nguvu na muda, ambao angeutumia kulisha makinda. Na hapa tenganisha mambo mawili, kwa sababu watu huyachanganya. Kugonga kwa kurudiarudia, tok tok tok, ndege akiwa amesimama au anapapatika mbele ya kioo, huo ni ugomvi. Kishindo kimoja kikubwa, halafu ndege yuko chini, hiyo ni ajali: aliona mti au anga kiooni akadhani njia ni wazi. Ajali huua. Ikiwa nyumba yenu ina vile vioo vyeusi vinavyoakisi, vilivyoenea sana kwenye majumba mapya ya kando ya ziwa, weka alama kwa nje zilizokaribiana, sentimita 5 hivi kati ya moja na nyingine. Picha moja ya tai iliyobandikwa katikati haisaidii, ndege hupita pembeni yake tu na kugonga. Ukimkuta ndege amezirai chini ya dirisha, mtie kwenye katoni yenye matundu, uifunike, uiweke mahali pa joto pasipo kelele wala paka. Usimpe maji mdomoni, usimpe chakula; maji huingia mapafuni kwa urahisi. Baada ya saa moja au mbili, ifungue katoni ukiwa nje. Wengi huruka wenyewe.

Tuje kwenye wali na mkate. Nia ilikuwa njema, ila huyu anakula wadudu: inzi, mbu, sisimizi wenye mabawa, viwavi. Wali kwake ni kama changarawe. Waliofaidika ni kunguru, na hilo lina bei ambayo haionekani mara moja. Kunguru wetu mwenye shingo nyeupe hula kila kitu, pamoja na mayai na makinda ya ndege wadogo. Ukimzoesha kushuka kwenye ukuta wako kila mchana, atapata nafasi ya kuchunguza vichaka vyako pia. Nimeona parseli, yaani viwanja vya nyumba, zenye sahani kubwa ya makombo ambamo hakuna kiota hata kimoja kilichofika mwisho wake. Mkate ni mtupu, una chumvi, na ukilowa huota ukungu. Wali uliopikwa huchacha jioni ile ile. Na lile nililolisikia mara nyingi, kwamba mchele mbichi humvimbisha ndege tumbo hadi akapasuka, si kweli. Ndege wala nafaka huumeza kila siku mashambani.

Panya nao wamefuata mabaki ya jioni. Ukiacha kuweka chakula, na ukafunika pipa la taka, watapungua wenyewe. Nakuonya jambo moja kwa nguvu: usinunue sumu ya panya sokoni. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa, hutembea mchana akiyumba, na anayemkamata wakati huo ni mwewe, bundi au paka wa jirani. Nao hufa. Bundi, ambaye pia husingiziwa mambo ya msiba, ndiye anayewapunguza panya hao bila malipo. Tumia mtego.

Kama bado unataka kuwa na meza ya ndege, inawezekana, lakini fanya kwa masharti. Mtama au mchele uliovunjika, konzi moja, asubuhi, kwenye ubao uliowekwa juu ya nguzo laini yenye kimo cha mita moja na nusu, na bati limezungushwa kwenye nguzo ili panya asipande. Kilichobaki saa sita kiondolewe. Ubao uoshwe kila wiki na kukaushwa juani. Watakuja shomoro, njiwa, na wale ndege wadogo wa kahawia wenye tumbo jeupe wanaotembea kwa makundi. Ukiona ndege amejikunyata, manyoya yamefura, hashtuki ukimkaribia, acha kulisha wiki mbili kabisa. Sahani chafu huambukiza ndege wengi ambao porini wasingekula mahali pamoja. Nakwambia ukweli: mimi nyumbani kwangu sina meza hiyo. Kuna njia zinazofaa zaidi na zenye kazi kidogo.

Hao unaowaita kolibri ni chozi. Kolibri wanaishi bara la Amerika tu, na huku kwetu hakuna hata mmoja. Wazazi wetu waliwapa chozi jina hilo kwa sababu wote hunywa maji matamu ya maua. Tofauti yao inakuhusu wewe unayetaka kuwakaribisha. Kolibri hunywa akiwa ameelea hewani. Chozi anaweza kuelea kwa kitambo kidogo, lakini anapenda kusimama, kushika shina, kuinamisha kichwa na kupenyeza ulimi. Ndiyo maana anaufurahia mgomba: lile ua zito linaloning'inia lina mahali pa kuning'inia naye. Huyo mkubwa wa rangi ya shaba iliyokolea, mwenye mdomo uliopinda na mkia mrefu, ni dume la Nectarinia kilimensis. Mdogo mwenye koo la buluu inayong'aa na tumbo la njano huenda ni Cinnyris venustus. Majike yao hayana rangi hizo zinazong'aa, na watu hudhani ni ndege wengine.

Maji ya sukari si sumu. Kipimo ni sehemu moja ya sukari nyeupe kwa sehemu nne za maji yaliyochemshwa na kupoa. Asali isitumike, huota kuvu. Rangi ya chakula isitumike, haina kazi. Chombo kioshwe kila siku kwa maji ya moto, kwa maana sukari huchacha upesi kwenye jua, na chombo kiwe na kijiti cha kusimamia. Ukikosa kukiosha siku mbili, unawaharibu. Pia sisimizi na nyuki watakuja, jiandae. Na dume mmoja mkali anaweza kukimiliki chombo hicho na kuwafukuza wenzake kutwa. Maua yakitawanyika hawezi kuyalinda yote, wengine nao hupata. Kwa hiyo ningeiweka ile pesa ya sukari kwenye miche.

Ukiwa na nafasi ya mti mmoja tu, panda Erythrina abyssinica, ule mti wa miiba wenye maua mekundu ya rangi ya moto unaotumika kwenye nyua za ng'ombe. Hauhitaji duka, kata tawi nene, lichomeke ardhini mwanzoni mwa mvua. Kama nafasi ni ukuta tu, hibiska nyekundu inatosha, na shubiri kwenye kopo lililotobolewa. Migomba unayo tayari. Usikate ua mapema kuliko inavyolazimu. Na jambo ambalo mama mkwe pengine halitampendeza: usifagie utando wote wa buibui chini ya bati. Jike la chozi huufuata. Utamwona anautwaa mdomoni, anakwenda kuuzungushia kwenye ncha ya tawi, anarudi, hadi mfuko mdogo wa nyasi na majani makavu unaning'inia, mlango ubavuni. Utando ndio kamba yake; unavutika makinda wanapokua bila kukatika. Buibui wenyewe ndio nyama ya makinda, maana hakuna kinda la chozi linalokua kwa sukari.

Kingine ni kuacha. Mistari miwili ya lengalenga iliyozeeka usiing'oe; iache itoe mbegu, na wale ndege wadogo wa kahawia watakuja bila kuitwa. Papai lililo juu kabisa, ambalo hata kijana wa jirani halifikii, liache liivie mtini. Sehemu ya uwanja ibaki wazi na kufagiliwa, hiyo ndiyo meza ya yule wa dirishani.

Nisikufiche gharama. Ndege wenye mkia mrefu wanaotambaa matawini kwa makundi hula majani machanga, na saladi yako wataimaliza kwa asubuhi mbili. Funika vitalu kwa wavu. Mnana wakiamua kujenga kwenye mti wako, watachana majani ya mgomba hadi yabaki nyuzi, na kelele zitaanza kabla ya adhana ya alfajiri na kengele ya misa. Wapo wanaolipenda hilo. Wengine huhamisha kitanda. Dawa ya wadudu unayopulizia nyanya na sombe (majani ya muhogo) nayo iangalie: ukiua viwavi wote umeondoa chakula cha makinda, na ukipulizia asubuhi ndege watakula wadudu wenye dawa. Toa viwavi kwa mkono panapowezekana.

Kuliko chakula, ndege wanahitaji maji, hasa Juni hadi Agosti. Najua maji hapa ni bidoni mgongoni, kwa hiyo sitakuambia ujaze beseni. Sahani ya udongo au kifuniko cha ndoo chenye kina cha sentimita 3 kinatosha, kiwe na sehemu ya ndani isiyoteleza na jiwe katikati. Tumia maji uliyosuuzia mboga, mradi hayana sabuni. Kiweke juu ya gogo, hatua tatu nne kutoka kichakani: karibu kiasi cha ndege kukimbilia, mbali kiasi cha paka kutoweza kurukia kutoka mafichoni. Mbu, hilo ni swali la haki katika mji wenye malaria. Kiluwiluwi cha mbu kinahitaji karibu wiki moja au zaidi hadi kuruka. Ukimwaga maji kila siku na kusugua sahani, hakuna mbu atakayetoka humo. Matairi na makopo yaliyotupwa nyuma ya choo ndiyo ya kuogopa.

Limebaki la kuku, na jirani yako hakukosea kila kitu. Ndege wa porini wanaweza kubeba virusi vya kideri, njiwa hasa. Lakini kideri kinachomaliza kuku wa mitaani kwetu huja zaidi na kuku: yule uliyemnunua sokoni jana akachanganywa na wenzake jioni ile ile, kapu lililotoka kwenye nyumba yenye vifo, viatu. Kuku mgeni mtenge wiki mbili. Chanjo ipo, tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, na kwa kuku tisa ni vizuri mkajiunga na majirani kwa sababu chupa moja huchanja wengi. Chakula cha kuku kiwekwe ndani ya banda ili shomoro wasile pamoja nao, na sahani ya maji ya ndege iwe mbali na banda. Homa ya ndege nayo si hadithi. Mwaka 2017 ilithibitishwa Ituri, upande wa ziwa Albert. Virusi hivyo vinabebwa zaidi na bata na ndege wa majini, si na chozi anayekuja kwenye mgomba wako. Vifaranga wako wana hatari ya karibu zaidi: mwewe. Wafunike.

Mahali ambapo maneno yangu hayatoshi ni hapa. Kuku wawili watatu wakifa ndani ya siku mbili, au wakipinda shingo, au ukikuta ndege wengi wa porini wamekufa eneo moja, mwone daktari wa mifugo wa komini siku hiyo hiyo, usingoje wiki iishe. Mizoga usiishike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki, mwite daktari aione kwanza, na akishamaliza uizike kwa kina, mbali na kisima, usiitupe ziwani na usimpe mbwa. Mtu wa nyumbani aliyewagusa akapata homa na kukohoa, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba aligusa ndege waliokufa. Ndege wa porini aliyevunjika bawa asifungwe kwa kitambaa nyumbani. Kwenye katoni yake mpeleke kwa daktari huyo huyo. Na akiwa ni kasuku wa kijivu, amedondoka au ameuzwa kwako njiani, hiyo ni kesi nyingine: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 2017, na kituo cha Lwiro cha kutunza wanyama waliookolewa, kilomita arobaini na kitu kutoka mjini, kimewahi kupokea walionyang'anywa wafanyabiashara.

Yule wa dirishani akishaacha vita, chunguza chini ya paa na kwenye vyungu vya maua vilivyosahauliwa. Huenda jike limekwisha kutaga, mayai matatu au manne kwenye bakuli la nyasi na nywele. Wote wawili huyalalia kwa zamu, karibu wiki mbili, na makinda hukaa kiotani wiki mbili nyingine. Kwa muda huo msipake chokaa upande huo, na watoto wasipande ngazi kuchungulia. Manati nayo ifichwe kwanza.